Shajara ya mradi: viungo 16 vya kipozea maziwa, Katwe, Kampala

Siku ya 1. Kuhesabu viungo

Mashine ni tangi la stenlesi lililojaa maji, ndani yake koili ya shaba nyekundu, na barafu inayojijenga juu ya koili usiku kucha. Alfajiri madebe 2 ya lita 50 yanatumbukizwa humo. Itakwenda kwa wafugaji wa upande wa Mbarara. Kushusha lita 100 za maziwa kutoka nyuzi 35 hadi nyuzi 4 (nyuzi zote humu ni za Selsiasi) ni kuondoa kilojuli 12,500 hivi, yaani joto la kuyeyusha kilo 38 za barafu. Koili ikipewa saa 10, hiyo ni wati 350 kabla hujahesabu joto linalopenya kuta za tangi.

Gesi ikivuja kidogo kidogo, barafu haitimii na maziwa yanachacha yakiwa bado njiani. Kwa hiyo shajara hii inafuata viungo vya bomba. Tangi lenyewe ni kazi ya kawaida ya bati na fremu.

Viungo ni 16. Kumi ni vya shaba kwa shaba: tii mbili za koili zenye midomo mitatu kila moja, kapilari (bomba jembamba sana) kuingia kwenye bomba la inchi 3/8, bomba la kutoa kuingia kondensa (bomba la kutolea joto nje), kondensa kwenda draya (chujio la unyevu), na draya kwenda kapilari. Vitatu ni vya shaba kwa chuma, kwenye vikonyo (vibomba vifupi vya kuungia) vya kompresa. Kimoja ni shaba kwa shaba njano, kwenye vali ya kujazia gesi. Viwili ni shaba kwa stenlesi, pale bomba linapopenya ukuta wa tangi.

Hesabu hii hutangulia kununua rodi (fimbo ya aloi inayoyeyushwa kwenye kiungo), kwa sababu rodi huchaguliwa kwa jozi ya metali zinazokutana. Fundi anayeanza na rodi aliyonayo mfukoni ataifaa jozi moja na kuiharibu nyingine.

Siku ya 2. Fedha mahali gani, na kwa nini si kila mahali

Kulehemu kwa fedha maana yake ni kuunganisha metali mbili kwa aloi ya fedha, shaba na zinki inayoyeyuka juu ya nyuzi 450, huku metali zenyewe zikibaki ngumu. Aloi huingia kwenye mwanya mwembamba kama mafuta yanavyopanda utambi wa tadooba (koroboi). Hapo ndipo inapotofautiana na kuchomelea, ambako kingo za metali yenyewe huyeyuka na kuwa kitu kimoja.

Tuliziweka njia zote mezani.

Lehemu laini ya bati na risasi, ile ya 60 kwa 40, huyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190. Nyaya za redio zinaitaka. Bomba la kutoa la kompresa huweza kupita nyuzi 100 na linatetemeka mchana na usiku. Katika hali hiyo lehemu laini hulegea polepole hadi ipasuke. Tena ina risasi, na risasi haina nafasi karibu na chakula. Lipo jambo moja linalochanganya wanunuzi wengi: kuna lehemu ya bati yenye fedha asilimia 4 hivi, nayo huuzwa kwa jina hilohilo la lehemu ya fedha. Inayeyuka karibu na nyuzi 221. Ni lehemu laini nzuri, lakini ni laini. Ukiigusisha kwenye bomba la moto wa wastani ikamiminika kabla bomba halijabadilika rangi hata kidogo, basi unayo hiyo.

Rodi ya shaba njano, ile ya shaba 60 na zinki 40, inataka karibu nyuzi 900. Kwa fremu ya baiskeli ni rodi ya heshima. Kwa bomba la shaba lenye ukuta wa milimita 0.8 ni hatari: shaba huyeyuka nyuzi 1,085, na zinki huanza kuchemka nyuzi 907. Nafasi ya kukosea haipo.

Kuchomelea kwa tigi (TIG, cheche ya umeme ndani ya gesi kinga) ndiyo njia ya mishono ya tangi, stenlesi kwa stenlesi. Kuchomelea shaba kwenye stenlesi ni jambo jingine. Stenlesi inataka zaidi ya nyuzi 1,400, shaba inakuwa imeshamiminika, na shaba iliyoyeyuka hupenya kwenye mipaka ya chembe za stenlesi na kuleta nyufa.

Rodi ya shaba yenye fosforasi, aina ya shaba 93 na fosforasi 7, huanza kulainika nyuzi 710 na kumiminika vizuri karibu na 800. Haihitaji flaksi (dawa ya kusafisha metali ikiwa motoni) kwenye shaba kwa shaba, kwa sababu fosforasi yenyewe husafisha oksaidi. Ni rahisi, na viungo vyetu 10 vitaipata hiyo. Lakini isiguse chuma wala stenlesi. Fosforasi na chuma hutengeneza tabaka gumu linalovunjika kama kioo. Kikonyo cha kompresa kimepakwa shaba kwa juu, kwa hiyo kinadanganya macho: rodi inashika, kiungo kinang'aa, na baada ya majuma ya mtetemo kinapasuka duara zima. Kompresa nyingi zilizofungwa upya hupoteza gesi kwa njia hii, na lawama huangukia gesi.

Fedha, basi, itakwenda kwenye viungo 6: vitatu vya kompresa, kimoja cha vali, viwili vya stenlesi.

Siku ya 3. Rodi na flaksi

Kwa vikonyo vya kompresa na vali tumechukua aloi ya fedha 45, shaba 27, zinki 25 na bati 3. Inaanza kuyeyuka karibu nyuzi 640 na kumalizika karibu 680. Kwa stenlesi tumechukua fedha 50, shaba 20, zinki 28, nikeli 2, ambayo huyeyuka kati ya 660 na 707. Nikeli ina kazi maalumu. Kiungo cha stenlesi kinachokaa ndani ya maji, kikilehemiwa kwa aloi ya zinki isiyo na nikeli, huliwa na kutu nyembamba pale aloi inapokutana na stenlesi. Aloi inabanduka nzima kama kucha. Nikeli huzuia hilo.

Zipo aloi za zamani zenye kadimiamu, kama ile ya fedha 45, shaba 15, zinki 16 na kadimiamu 24. Inamiminika kati ya 607 na 618 na inapendeza mkononi kuliko zote. Kadimiamu huchemka nyuzi 767, moshi wake huchoma mapafu, na mtu huweza kujisikia mzima hadi saa kadhaa baadaye ndipo kifua kibane. Haitumiki hapa, si kwa mpumuaji wala kwa mnywa maziwa. Rodi zinazouzwa moja moja bila pakiti yenye mchanganyiko wake hazijulikani zina nini ndani. Tunazihesabu kuwa zina kadimiamu, kwa hiyo hazinunuliwi.

Flaksi: boraksi peke yake huyeyuka nyuzi 743. Aloi yetu inakuwa imeshamiminika kabla boraksi haijafanya kazi. Tunatumia flaksi ya fluoridi ya kopo, nyeupe kama dawa ya meno, na kwa stenlesi ile nyeusi yenye boroni inayostahimili joto kwa muda mrefu zaidi. Flaksi nyeupe ni kipimajoto cha bure, na fundi anayeijua hahitaji kubahatisha. Kwenye nyuzi 100 maji yake yanachemka. Karibu 315 inakuwa nyeupe na kuvimba. Karibu 425 inatulia na kulala. Karibu 600 inakuwa angavu kama maji na metali inang'aa chini yake. Hapo ndipo unagusisha rodi, si kabla.

Siku ya 4 na ya 5. Vipande vya majaribio

Kabla ya kugusa mashine tulilehemu vipande 5 vya bomba la 3/8 (milimita 9.52 kwa nje), tukavipasua kwa msumeno kwa urefu, tukavilainisha kwa tupa na kutazama ndani. Hiki ndicho kipimo ambacho karakana nyingi hukiruka, na ndicho kinachosema kweli. Kiungo kizuri kwa nje kinaweza kuwa kitupu ndani.

Kipande cha 1: aloi imeganda kama shanga kwenye mdomo wa kiungo, ndani hamna kitu. Sababu ni moto kuelekezwa kwenye rodi. Rodi iliyeyuka, bomba lilikuwa baridi. Fedha huyeyushwa na bomba. Moto unakaa kwenye bomba, rodi inagusa upande wa pili, na kama bomba halina joto la kuiyeyusha basi moto urudi tena kwenye bomba.

Kipande cha 2: flaksi imekuwa nyeusi kama lami na aloi imekataa kutembea. Moto ulikaa mahali pamoja hadi flaksi ikashiba oksaidi ikafa. Flaksi iliyokufa haifufuki kwa kuongezewa juu. Kiungo hufunguliwa, husuguliwa, huanzwa upya.

Kipande cha 3: nusu duara imejaa, nusu tupu. Bomba lilikaa upande, mwanya sifuri huku na milimita 0.3 kule. Mwanya mzuri ni kati ya milimita 0.05 na 0.12 kila upande, pindi kiungo kikiwa cha moto. Chini ya hapo flaksi haipenyi. Juu ya hapo nguvu ya kuvuta inakwisha na aloi inadondoka.

Vipande vya 4 na 5 vilijaa kote.

Maneno "pindi kikiwa cha moto" yana uzito. Shaba hutanuka sehemu 17 kwa milioni kwa kila nyuzi, chuma cha kawaida 12. Bomba la shaba la milimita 8 ndani ya kikonyo cha chuma, likipandishwa nyuzi 650, hutanuka milimita 0.026 zaidi ya kikonyo. Ukianza na nafasi ya 0.02 kwa kipenyo, mwanya unafungwa kabisa kabla fedha haijayeyuka. Tumeamua nafasi ya baridi iwe 0.10 kwa kipenyo, ili motoni ibaki 0.074, yaani 0.037 kila upande. Hiyo iko chini kidogo ya kiasi, lakini kikonyo ni kifupi na aloi ni nyepesi kutembea. Stenlesi ya aina ya 304 hutanuka 17, karibu sawa na shaba, kwa hiyo huko mwanya wa baridi ndio mwanya wa moto.

Kiasi cha rodi nacho kinahesabika. Kiungo cha kipenyo 9.52, kina cha milimita 8, mwanya 0.1, kinachukua milimita za ujazo 24. Rodi ya unene wa milimita 1.5 ina eneo la 1.77, hivyo milimita 14 za rodi zinatosha kujaza. Tunakunja rodi kwenye milimita 20, sita za ziada zikiwa za ukingo wa nje. Kilichopita hapo kinaingia ndani ya bomba na kuziba njia.

Siku ya 7. Kola za stenlesi

Ukuta wa tangi ni milimita 1. Kulehemu bomba moja kwa moja kwenye tundu la bati la milimita 1 kunaacha kiungo kisicho na kina, na kanuni ya kina ni angalau mara tatu ya unene wa kipande chembamba. Tumechonga kola (pete ndefu za kupitishia bomba) 2 za stenlesi za urefu wa milimita 15, tukazichomelea ukutani kwa tigi kwanza, kisha tukapitisha keekee ya milimita 9.7. Mwanya ni 0.09 kila upande. Kuchomelea kabla ya kutoboa ni lazima. Joto la tigi huikunja kola na tundu huacha kuwa duara.

Usafi: msasa wa namba 120 ndani ya kola na juu ya shaba, kisha kitambaa chenye spiriti, kisha flaksi ndani ya dakika chache. Stenlesi hujifunika oksaidi ya kromiamu mara moja, na oksaidi hiyo ni ngumu kuliko ya shaba. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida haigusi kola, kwa sababu huacha chembe zitakazoshika kutu.

Moto: shaba husafirisha joto mara 20 na zaidi kuliko stenlesi. Ukigawa moto sawa, stenlesi inawaka mahali pamoja na kuungua huku shaba ikitorosha joto kwenda kwenye koili. Robo tatu ya moto iliwekwa kwenye shaba, ukizungushwa, na robo kwenye kola. Moto wa oksijeni na asetilini wenye asetilini kidogo ya ziada, unyoya wake (ulimi mweupe unaozunguka koni) ukiwa mara mbili ya koni ya ndani. Presha ya asetilini haizidi bar 1 kamwe.

Kazi ilifanyika chini ya paa. Nyuzi 650 ni wekundu hafifu sana, na jua la mchana la Kampala linaufuta kabisa. Fundi anayelehemu nje saa saba mchana akisubiri kuona wekundu amepita joto zamani.

Kola ya kwanza ilijaa kwa sekunde 50 hivi. Ya pili ilichukua zaidi ya dakika 2, na stenlesi ikawa na rangi ya kijivu kilichochakaa. Sababu ilikuwa bomba lililogusa kibanio cha chuma kizito umbali wa sentimita 4, nacho kikanyonya joto. Stenlesi ya 304 ikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 425 na 870 hupoteza kinga yake ya kutu pembeni mwa chembe. Kiungo hiki kimewekewa alama, kimesuguliwa hadi metali safi, na kitachunguzwa tena kikiwa majini. Kibanio kimehamishwa sentimita 20 na kuwekewa vipande vya tofali.

Flaksi ya fluoridi hula metali ikibaki. Ilisafishwa kwa maji ya zaidi ya nyuzi 60 na brashi ya nailoni, kiungo kikiwa bado na uvuguvugu.

Siku ya 8. Koili

Koili ni roli mbili za mita 15, zimewekwa sambamba ili gesi isisafiri mita 30 mfululizo. Shina la tii ya kuingilia limesimama wima. Likilala, kioevu huegemea upande mmoja na nusu ya koili haipati barafu. Viungo 6 kwa rodi ya fosforasi, naitrojeni ikipita ndani.

Naitrojeni si pambo. Shaba ikipashwa moto na hewa ndani yake hujenga magamba meusi ya oksaidi, nayo huishia kwenye kapilari ya chini ya milimita 1. Mtiririko ni lita 3 hadi 5 kwa dakika, pumzi ndogo inayohisiwa kwenye kiganja kilicholowa, na upande wa pili uwe wazi. Kiungo cha 5 kilitoa tundu dogo kwa sababu mpira wa kutokea ulikuwa umekunjika, presha ikapanda, ikasukuma aloi nje. Kimerudiwa.

Siku ya 9 na ya 10. Presha

Koili na kola, bila kompresa, zilijazwa naitrojeni hadi bar 20 kupitia regyuleta. Oksijeni haitumiki kupimia. Ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Saa tisa alasiri kwenye nyuzi 27 geji ilisoma 20.0. Asubuhi kwenye nyuzi 19 ilisoma 19.4.

Huo si uvujaji. Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya bahari na hewa yake ni bar 0.88, kwa hiyo presha halisi ilikuwa 20.88. Ikipozwa kutoka 27 hadi 19 inakuwa 20.32, na geji isome 19.44. Usipoandika halijoto kando ya presha utatafuta tundu lisilokuwepo. Povu la sabuni kwenye kila kiungo halikuonyesha kitu.

Siku ya 11. Kompresa na vali

Kompresa hii iliwahi kufanya kazi. Gesi yake ya zamani ilivutwa kwenye mtungi wake na kikonyo kikapulizwa naitrojeni kabla ya moto. Mabaki ya R134a (gesi ya kupozea) yakipita kwenye moto hutoa asidi ya haidrofloriki. Shaba iliyopakwa kwenye vikonyo ilisuguliwa taratibu kwa msasa laini, bila kuimaliza. Kitambaa kilicholowa kilizungushwa chini ya kikonyo kulinda mshono wa kiwandani. Viungo vyote 3 vilikubali fedha ya 45 kwa rodi ya milimita 18 hadi 22. Moyo wa vali ulitolewa kabla ya kupasha, la sivyo mpira wake unaungua na vali inavuja milele.

Shaba yote iliyopashwa imelainika, na kulehemu tena hakuirudishi ugumu. Bomba la kunyonya na la kutoa yamepewa mkunjo mpana na kishikizo kimoja kila moja, ili mtetemo usiishie kwenye kiungo.

Siku ya 12. Kapilari, draya, ombwe

Draya ilifunguliwa mwisho wa yote, kwa kuwa mvua ya asubuhi ilikuwa imejaza karakana unyevu na mafuta ya R134a hunyonya maji hewani. Kapilari iliingizwa hadi ikagusa wavu wa draya, ikarudishwa milimita 5. Upande wa koili iliingia milimita 20 kupita mahali bomba lilipobanwa, ili aloi ikivutwa ndani isifike kwenye mdomo wake.

Mashine nzima ilipimwa tena kwa bar 10, kwa sababu ganda la kompresa halipewi 20. Kisha pampu ya ombwe. Geji ya kawaida iligota kwenye bar −0.88 na haitashuka zaidi hapa. Mbarara, kwenye mita 1,400 hivi, itagota −0.86. Anayengoja −1 atangoja bure. Tulifuata kipimo cha maikroni (presha iliyobaki ndani; ndogo ndiyo bora): 500, pampu ikafungwa, na baada ya dakika 20 ikasoma 620 na kusimama. Ingekuwa tundu, ingeendelea kupanda bila kusimama. Kupanda kisha kutulia ni unyevu kidogo, kwa hiyo pampu iliwashwa saa 2 zaidi.

R134a iliingizwa kwa mizani. Barafu ya kwanza ilionekana kwenye mikunjo ya chini ya koili zote mbili, unene sawa kwa jicho.

Yaliyobaki: kupangusa vikonyo vya kompresa kwa karatasi nyeupe kavu baada ya saa 72 za kazi. Doa la mafuta kwenye karatasi ndilo dalili ya mapema kuliko geji. Na kola ya pili, ile iliyochelewa motoni, itatolewa maji na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia baada ya miezi 3, tukitafuta mstari mweusi pale fedha inapokutana na stenlesi.